Kisanduku cha Shambani kwa Ezra

Ikram Tamimu alikulia juu ya kreti la soda, ndani ya kibanda cha baba yake nyuma ya soko la Mugumu. Mzee Tamimu alikuwa fundi redio. Baba wa mzee huyo alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa huku huku, na ingawa mzee anaongea Kiikoma kama mwenyeji, watu wa sokoni mpaka leo wanamwita Mswahili. Mteja akileta redio iliyonyamaza, mzee alikuwa anamwita binti yake, anafungua kifuniko, anamwonyesha kwa ncha ya bisibisi mahali sauti ilipokwama. Ikram akapenda. Alipomaliza shule akaenda chuo Mwanza kusomea mitandao ya kompyuta, akarudi nyumbani na kazi ya kuvuta nyaya kwenye nyumba za wageni na maduka. Mwanzoni watu walisimama kumshangaa mwanamke wa hijabu aliyepanda juu ya bati na drili mkononi. Baadaye wakazoea, wakawa wanamwita tu, "Fundi, intaneti yetu imelala."

Kisha shirika moja la mambo ya wanyama likaanzisha mradi wa tembo Robanda, likatafuta mtu wa mitandao anayeijua lugha ya watu wa kule. Ikram akaajiriwa.

Robanda iko ukingoni kabisa mwa hifadhi, upande wa magharibi. Kulima pale ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukesha. Mahindi yakianza kubeba, wanaume wanahamia kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia shamba, na madebe ya kupiga na tochi, na watoto wakubwa wanalinda nao, asubuhi wanasinzia darasani. Tembo mmoja tu akiingia shambani, chakula cha mwaka kinaisha kabla jogoo hajawika. Mradi uliletwa kwa ajili hiyo. Visanduku vya plastiki, kila kimoja na kipande cha sola juu yake, vilifungwa kwenye nguzo kufuata mpaka wa mashamba. Kila kisanduku kilikuwa na kifaa cha kuhisi joto la mwili mkubwa unapopita. Kikihisi, kinatuma ujumbe kwa mawimbi ya redio kwenda mnara mdogo juu ya kilima, mnara unausukuma kwenye intaneti, unakwenda mpaka kwenye kompyuta za mradi zilizo mbali kabisa, na kutoka kule unarudi Robanda kama mlio kwenye simu ya mwenye shamba. Safari yote hiyo ndefu inachukua muda wa mtu kupiga chafya.

Vingi vya visanduku hivyo vilipokezana: kimoja kinaupokea ujumbe wa jirani yake na kuusogeza mbele. Kile cha mwisho, kwenye kona ya shamba la mkulima aliyeitwa Ezra, kilikuwa mbali na wenzake. Chenyewe kilisema na mnara moja kwa moja.

Siku ya kukifunga, Ikram alipokelewa na mke wa Ezra. Jina lake Boke, mzaliwa wa Nyamwaga kule Tarime, lakini kijijini walimwita Mama Lilian, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na kicheko cha karibu. Alimletea Ikram uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati, akasimama chini ya ngazi akitazama juu.

"Wewe mtoto wa mjini, hilo lisanduku lako linakula nini?"

"Linakula jua, Mama Lilian."

"Na masika je? Jua likikosekana?"

"Linakula akiba ya betri."

Boke akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi ni masikini mwenzetu. Shuka unywe uji, umepoa huo."

Tangu hapo Ikram hakupita Robanda bila kusimama nyumbani kwa Boke. Boke alikuwa anamsimulia habari za Nyamwaga, migomba ya mama yake, jinsi yeye alivyopanda migomba yake hapa Robanda na tembo wakaing'oa kama mtu anayechuma mchicha. Lilian, msichana wa kidato cha kwanza, alikuwa anauliza maswali ya kompyuta na kuandika majibu nyuma ya daftari la hesabu.

Visanduku vilipokamilika, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Simon, aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule ili Ikram aeleze jinsi vinavyofanya kazi. Ikram aliona kuwa maneno matupu hayatatosha. Akachana mfuko wa simenti vipande vipande, na juu ya kila kipande akaandika neno moja: tembo, wawili, shambani, kwa, Ezra. Pembeni ya kila neno akaandika namba yake, limetoka kwa nani na linakwenda kwa nani. Akawapanga watu mstari kutoka ukuta wa darasa mpaka golini, akampa Boke vile vipande huku mwanzoni, na Ezra akasimama kule mwisho.

"Mtandao hauchukui barua nzima," alisema. "Unaikata. Kila kipande kinapewa namba na anwani yake, kinasafiri peke yake, na huku mwisho vinapangwa tena. Haya, pitisheni."

Vipande vikapita mkono kwa mkono. Katikati ya mstari mzee mmoja akaficha kimoja kwenye mfuko wa koti, na watu wakaanza kucheka. Ezra alipokea vinne, akavipanga, akakuna kichwa.

"Namba tatu haipo," akasema.

"Usiniambie mimi, mwambie aliyetuma!" Ikram akamjibu.

"Mama Lilian! Namba tatu sijapata!"

"Nakutumia nyingine!" Boke akapiga kelele, na Ikram akamwandikia kipande kipya. Kilipofika, Ezra akainua mkono. "Nimepata zote!"

"Hapo sasa," Ikram alisema. "Anayepokea lazima ajibu kwamba amepata. Jibu lisiporudi, anayetuma anatuma tena. Ndivyo visanduku vinavyofanya."

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, "Kwa hiyo, dada, sasa tukalale nyumbani?"

Ikram alikuwa na furaha siku ile. Mkutano ulikuwa umemwendea vizuri, watu walikuwa wanacheka, na yeye alikuwa mchanga bado. "Laleni," alisema. "Simu itawaamsha."

Na kweli iliwaamsha. Msimu wa kwanza mlio ulisikika mara nyingi, wanaume wakatoka na tochi na madebe kabla tembo hawajavuka mtaro wa mpakani, na mavuno ya mwaka ule watu waliyahesabu kwa magunia badala ya debe. Madungu yakaanza kuoza. Lilian akaacha kusinzia darasani. Ezra alimwambia Ikram, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kwamba tangu aoe hakuwahi kulala na mke wake nyumba moja wakati wa mahindi, na Boke akamrushia gunzi kwa aibu.

Kisha ikaja masika yenye mawingu mazito. Sola hazikujaza betri. Visanduku vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine, na Ikram akawa anapanda pikipiki kutoka Mugumu kila mara kubadilisha betri kwenye matope. Alimpigia simu msimamizi wake, Erasto, aliyekuwa na ofisi mjini mbali.

"Kinachokula betri ni nini hasa?" Erasto aliuliza.

"Kusikiliza," Ikram alijibu. "Kutuma ni kitu cha mara moja. Lakini kisanduku kikishatuma kinabaki macho kikingoja jibu la mnara, na lisipofika kinatuma tena, kinangoja tena."

"Na kikituma bila kungoja jibu?"

Ikram aliijua njia hiyo. Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Chuoni walifundishwa kuwa kuna njia mbili za kutuma, moja ya uhakika na nzito, nyingine nyepesi inayotupa ujumbe na kwenda zake, na kila moja ina mahali pake. "Betri itadumu," alisema. "Lakini kipande kikipotea, hakuna atakayejua."

"Tangu tumeanza, vimepotea vingapi?"

"Vichache sana."

"Basi badilisha. Kisanduku kilichozimika hakimsaidii mtu yeyote."

Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Ikram alibadilisha mwenyewe, nguzo moja baada ya nyingine, akiwa na kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Kila alipomaliza alipita mbele ya kisanduku na kopo la makaa ya moto, na simu yake ikalia. Cha kwa Ezra pia kililia. Betri zikatulia. Kijijini hakumwambia mtu, kwa sababu lilikuwa jambo la ndani la ufundi na yeye hakuona kuna cha kuwaambia.

Miezi ikapita, na shule ikapata tenki la maji. Wazazi walikuwa wamelichangia kwa muda mrefu. Lilikuwa tenki kubwa la bati nene, likapandishwa juu ya kichanja cha vyuma pembeni ya shamba la Ezra, na siku ya kulizindua kwaya iliimba na Boke akapiga vigelegele. Ikram hakuwepo. Alikuwa Tarime, ameazimwa na mradi mwingine.

Mahindi yalikuwa yamekomaa. Asubuhi moja, jua likiwa halijachomoza vizuri, Boke alitaka kwenda kuchuma majani ya kunde ukingoni mwa shamba. Kama ilivyokuwa desturi yao, alimwambia Lilian aangalie simu kwanza. Lilian akaangalia. "Hakuna kitu, mama." Boke akachukua kikapu, akatoka akiimba chini chini. Tembo watatu walikuwa ndani ya mahindi, wamesimama kimya kama wanavyojua kusimama, jike mmoja na mtoto na mwingine mkubwa. Boke alipita karibu na yule mtoto. Ezra alisikia ukelele mmoja tu. Alipofika tembo walikuwa wanavuka mtaro kurudi porini, na mke wake alikuwa amelala kwenye mistari ya kunde. Hakufika hospitali.

Ikram alipata habari hizo akiwa kwenye hoteli ya chakula, Tarime, mkono ukiwa kwenye ugali. Jambo la kwanza alilofanya, na ambalo lilimtesa kwa muda mrefu baadaye, ni kufungua simu yake kutazama kama ujumbe ulitumwa. Hapakuwa na ujumbe wowote kutoka kona ile. Akarudi nyuma wiki baada ya wiki. Hapakuwa na kitu. Akakumbuka kwamba alikuwa ameuona ukimya huo, na kila alipouona alifurahi, akidhani tembo wameihama njia ile.

Alifika Robanda kesho yake mchana. Hakwenda msibani kwanza. Alikwenda kwenye nguzo, akapanda ngazi, akafungua kisanduku. Kilikuwa kizima. Betri imejaa, taa inawaka. Akakisoma kwa kompyuta: asubuhi ile kilikuwa kimehisi, kimetuma, kikalala. Akainua macho kuutafuta mnara kule kilimani, na mbele ya uso wake likasimama tenki, liking'aa juani, limeuziba mnara wote. Kisanduku kilikuwa kimetupa maneno yake kwenye bati kwa wiki nyingi, na kwa kuwa kilikatazwa kungoja jibu, kiliamini kila mara kwamba kimesikika.

Alikaa juu ya ngazi mpaka miguu ikafa ganzi.

Msibani alikaa na wanawake, kanga imefunika mpaka paji la uso. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempa mkono. Ezra alikuwa kwenye viti vya wanaume, anatazama ardhi. Kaka wa marehemu, Heche, alikuwa amefika kutoka Nyamwaga na ndugu zake, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Ndiye aliyekuwa anauliza kwa sauti: "Hiyo simu ilikuwaje? Si mliambiwa itaamsha? Nani alikuwa na simu?" Na watu, kwa kunong'ona, wakawa wanalitaja jina la Lilian. Mtoto alikuwa nayo jioni anacheza nyimbo. Mtoto aliimaliza chaji. Mtoto aliizima sauti. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamezunguka uwanja wote, na Lilian alikuwa amejifungia kwenye chumba cha stoo, hataki kula.

Erasto alifika siku ya maziko na gari la mradi. Alitoa rambirambi kwa adabu, akamshika Ezra mkono kwa mikono miwili. Baadaye akamwita Ikram pembeni, nyuma ya gari. Macho yake yalikuwa mekundu. Huenda naye hakuwa amelala.

"Umeona nini?" aliuliza.

Ikram akamweleza, kutoka kwenye tenki mpaka kwenye kisanduku kilicholala.

Erasto alivua kofia akaipangusa. "Mkutano wa kijiji ni keshokutwa. Mimi nitasema kwamba kifaa kilikuwa kizima na ujumbe ulitumwa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi inatosha."

"Bosi, mtu akisikia ulitumwa ataelewa kwamba ulifika. Na kama ulifika, watauliza nani hakuuona. Wameshaanza kumtaja yule mtoto."

"Sijamtaja mtoto mimi."

"Hutamtaja. Watamtaja wao."

Erasto akashusha sauti. "Ikram, nisikilize. Wenye mradi wakisikia kwamba sisi wenyewe tuliondoa jibu, wanafunga kila kitu. Visanduku vyote vinazimwa, hapa na vijiji vingine. Nani atawaambia watu warudi kwenye madungu yaliyooza? Atakufa mwingine. Hilo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Aliondoka pale bila kusema ndiyo wala hapana, akapanda pikipiki kwenda Mugumu, akalala kwenye kitanda chake cha usichana. Asubuhi baba yake alimkuta anapiga deki kibanda ambacho kilikuwa kimeshadekiwa.

"Utasema?" mzee aliuliza. Ikram alikuwa amemsimulia mama yake, na nyumba ile ilikuwa na ukuta mmoja tu katikati.

"Nikisema, baba, sitafanya kazi tena. Na labda mradi utafungwa. Nisiposema, watoto wa Boke watakua na dada yao akiitwa muuaji."

Mzee Tamimu alishika redio iliyokuwa mezani, akaiweka chini tena. "Mimi siwezi kukuamulia," alisema. "Ila nitakuja nawe." Na akaja kweli, na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa kwenye benchi la nyuma katika mkutano ambao hapakuwa na sababu yoyote ya yeye kuwepo.

Uwanja wa shule ulijaa. Mzee Simon alifungua kwa sala, akampa Erasto nafasi, na Erasto akasema kama alivyoahidi: kifaa kilikuwa kizima, ujumbe ulitumwa, mradi unaungana na familia. Minong'ono ikaanza. Heche akasimama.

"Kama ulitumwa, uko wapi? Tuleteeni hiyo simu! Tumlete huyo aliyeishika!"

"Mura, kaa chini," ndugu yake alimwambia kwa neno la kwao la kumwita kijana, akamvuta koti, lakini hakukaa.

Ikram akasimama kabla mwenyekiti hajamruhusu. "Shikamooni wazee," alisema. "Simu haikuwa na kosa. Aliyeishika hana kosa. Hakuna kitu kilichoingia kwenye simu ile asubuhi ile. Hata kama angekaa ameikodolea macho tangu usiku, asingeona kitu."

Watu wa nyuma wakasogea mbele.

Akawakumbusha siku ya vipande vya mfuko wa simenti, jinsi Ezra alivyopiga kelele kwamba namba tatu haipo na Boke akatuma nyingine. "Wakati wa masika betri zilikuwa zinakufa. Tukaviambia visanduku vitume tu, visingoje mtu wa kujibu. Kisha tenki likasimama katikati. Cha kwa Ezra kikawa kinasema na hakuna anayesikia, na chenyewe hakijui. Aliyekibadilisha ni mimi, kwa mikono hii. Na niliwaambia mlale. Niliwaambia simu ikinyamaza ni salama, na sikuwahi kuwaambia kwamba simu inanyamaza vile vile mtandao ukikatika. Kwenu ukimya ule ulikuwa mmoja. Mimi nilijua ni wa aina mbili."

Erasto alikuwa amekunja mikono, anatazama magoli.

Ezra alisimama polepole. Tangu msiba uanze alikuwa hajasema na Ikram neno hata moja. "Ulijua kwamba kinasema bila kungoja jibu?"

"Nilijua."

"Na ulikuja kwangu ukanywa uji."

"Ndiyo."

Ezra akaondoka uwanjani, akavuka barabara kuelekea nyumbani kwake. Watu wakampisha. Lilian hakuwepo mkutanoni, lakini waliokuwa karibu na nyumba walisema baba yake alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, akakaa chini sakafuni nje ya mlango ule, akawa anaongea na ubao mpaka ulipofunguliwa.

Mkutano uliendelea kwa fujo. Vijana walitaka visanduku ving'olewe na kuchomwa siku ile ile. Mwanamke mmoja mzee, ambaye shamba lake lilikuwa limeokolewa mara nyingi, alisema akilia kwamba wakivichoma atawachoma wao. Mwishoni Mzee Simon alimgeukia Ikram. "Hicho kitu kinaweza kutuambia kwamba kimekufa?"

"Kikifa hakiwezi kusema, mzee. Ila kinaweza kusema kila saa kwamba kipo hai. Siku kisiposema, simu zenu zote zinalia: kona fulani haina mtu, nendeni mkalinde wenyewe."

"Na betri?"

"Tutaweka kubwa zaidi. Zikikosekana, bora kiseme mara chache na kisikilizwe."

Wakakubali kwa shingo upande. Visanduku vikabaki, na madungu yakakarabatiwa pia. Kila ukoo ulitoa mtu wa zamu. Mradi haukufungwa kama Erasto alivyohofia, ingawa watu wakubwa walikuja na magari, wakapiga picha nguzo, wakauliza maswali kwa Kiingereza. Ikram alipewa nafasi ya kumaliza marekebisho. Alifanya kazi hiyo bila kuzungumza na watu wengi. Nguzo ya kwa Ezra aliihamisha mpaka upande wa pili wa tenki, na alipokuwa anachimba shimo Ezra alipita na ng'ombe wake, akasimama, akaona anahangaika na mwamba, akachukua sururu akauvunja. Kisha akaenda zake. Mkataba ulipoisha, Ikram aliambiwa kwa simu kwamba hautaendelea.

Alirudi kwenye nyaya za nyumba za wageni. Waliomjua wanasema alibadilika. Akimfungia mtu intaneti anakaa kumweleza yale yanayoweza kuharibika mpaka mteja anachoka. Usingizi ukawa mgumu kwake. Kibandani kwa baba yake redio ikikatika sauti ghafla alikuwa anashtuka kama mtu aliyeitwa.

Ezra aliwapeleka watoto Nyamwaga kwa bibi yao, mama wa Boke, anayeitwa Rhobi. Ikram alikaa na habari hiyo kwa muda mrefu kabla hajapata nguvu za kwenda. Alishuka kwenye Hiace akiwa amejaa vumbi, akauliza njia, akakuta mama mtu mzima anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Ikram. Ni yule fundi wa Robanda."

Mikono ya Bibi Rhobi ilisimama. Alimwangalia kuanzia viatu mpaka ushungi. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa."

Wakakaa. Bibi akasema kuwa Heche bado ana hasira na ni vizuri hayupo nyumbani. Akasema pia kuwa Heche huyo huyo ndiye aliyemwomba Lilian msamaha mbele ya ukoo, kwa maneno aliyotaka kumrushia siku ile. "Angekua nayo yale maneno," bibi alisema. "Yangemkaa hapa." Akagusa kifua chake, kisha akaita kuelekea jikoni. "Lilian! Una mgeni!"

Bibi akainuka akaenda, na Ikram akasikia sauti zao chini chini. Aliporudi alitikisa kichwa.

"Hataki leo. Mtoto hawezi kulazimishwa. Njoo siku nyingine."

"Nitakuja."

"Sikwambii kwamba utasamehewa. Nakwambia uje."

Ikram alikwenda tena baada ya mavuno, na Lilian hakutoka. Mara ya tatu alimkuta uani peke yake, amekuwa mrefu, sare ya shule mpya imemzidi mabega. Lilian alisema shikamoo kwa sauti ya kusikika kwa shida, akasukuma kapu la mahindi katikati yao. Wakapukuchua wote wawili mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Walipomaliza, Lilian alizoa punje zilizoruka chini, akasema anakwenda kuteka maji, akauliza kama Ikram anajua njia ya kurudi barabarani. Ikram akasema anaijua.